Upanga wa Ukutani: Taa Iwekwe Wapi?

Mtu wa Kwedizinga, Handeni, anayetaka upanga wa mapambo kwa ajili ya sebule, saluni au banda lake la video hana kazi kubwa ya kuupata. Sime za kuuzia wageni zipo minadani na kando ya barabara kuu. Panga za plastiki huja pamoja na maboksi ya midoli kutoka Kariakoo. Ndugu aliyerudi kutoka Dar es Salaam au Muscat naye huweza kuleta upanga wa stenlesi uliotengenezwa ukae ukutani tu, hata nyasi haukati. Taa pia si shida: utepe wa LED unauzwa kwa mita Korogwe na Chanika, na fundi simu yeyote anajua kuunganisha nyaya mbili. Kazi inaanza pale vitu hivi viwili vinapotakiwa kukutana.

Mara nyingi wanavikutanisha hivi. Utepe wa bluu unazungushwa kwenye upanga kuanzia mpini hadi ncha, waya unaning'inia hadi kwenye soketi, na kwa siku chache kila anayeingia anasifu. Kisha joto la bati linalegeza gundi, utepe unaanza kujikunjua, na usiku kinachoonekana ukutani ni mstari wa taa wenye kitu cheusi katikati. Upanga wenyewe hauonekani. Aliyeununua angeweza kuvingirisha utepe huohuo kwenye ufagio na asione tofauti.

Mimi naona swali la taa huulizwa mapema mno. Utangulie upanga, ufuate ukuta, taa iwe ya mwisho. Na mara nyingi taa ikae kando ya upanga, mahali ambapo mtazamaji haioni, isigandishwe mwilini mwake. Zipo hali ambazo taa inastahili kuingia ndani kabisa, lakini ni chache kuliko wauza tepe wanavyotaka tuamini.

Tuanze na upanga wenyewe, maana "upanga wa mapambo" ni jina la vitu vingi. Kwa historia ya Uzigua, nchi ya Wazigua wa Handeni, upanga si silaha iliyobeba sifa. Karne ya 19 Wazigua walijulikana kwa bunduki walizozipata kwa biashara ya pwani, na kwa bunduki hizo waliusumbua sana utawala wa Wakilindi wa Vuga, Usambara. Bwana Heri bin Juma wa Saadani, aliyewapinga Wajerumani mpaka akaweka silaha chini mwaka 1890, alipigana kwa bunduki akiwa ndani ya ngome za magogo. Kwa hiyo anayetundika upanga Handeni leo hatundiki urithi wa babu. Anatundika kitu kilichotoka kwa jirani, pwani, au kwenye filamu. Ni vizuri akajua ni kipi kati ya hivyo, kwa sababu kila kimoja kinataka mwanga wake.

Cha jirani ni sime. Wamasai na Waparakuyo wamechunga katika nyika za Handeni na Kilindi kwa vizazi, na tangu Juni 2022 kuna kaya zilizohamishiwa Msomera kutoka Ngorongoro. Sime ya kweli ni fupi, haina kikinga mkono, mpini wake umevikwa ngozi, na bapa lake hupanuka kadiri linavyoelekea ncha, ili uzito uwe mbele. Nyingi hufuliwa kwa chuma chakavu kigumu kama springi za magari au tupa kuukuu. Ala yake ni ngozi iliyopakwa rangi nyekundu. Ile ya kuuzia mgeni ina umbo hilo na rangi hiyo, lakini bapa lake ni bati nene lililokatwa na kung'arishwa, mara nyingine halikupitia moto kabisa. Kwa kazi yetu hilo si kosa: bapa laini hulainika kwa msasa upesi, na anayeliharibu hajaharibu mali ya mtu anayelitegemea porini.

Cha pwani ni kattara ya Oman, upanga mnyoofu wenye makali pande zote mbili na mpini mrefu usio na kikinga, ambao Waomani huuchezea ngoma ya razha pamoja na ngao ndogo ya duara. Zile za kuchezea hutengenezwa kwa bapa jembamba linalonepa, ili mchezaji akitikisa kiganja bapa zima litetemeke na kutoa sauti. Nakala zake zipo Zanzibar na katika nyumba za watu wenye ndugu Ghuba. Anayetaka kuutia nuru upanga wa namna hii akumbuke kwamba uzuri wake uko kwenye mtetemo, nao ukutani haupo. Taa haitaurudisha.

Cha filamu ndicho kilichojaa zaidi. Kizazi kilichokulia kwenye mabanda ya video, filamu za Hong Kong na baadaye za Korea zikiwa zimetiwa maneno ya Kiswahili na watafsiri wa aina ya Lufufu, kinaujua upanga wa Kichina kuliko kinavyoijua kattara. Kisha zikaja panga zenye kuwaka. Filamu ya kwanza ya *Star Wars*, ya mwaka 1977, ilitumia mpini uliotengenezwa kutokana na kishikio cha zamani cha taa ya kamera ya Graflex. Upanga uliotoka humo ulikuwa fimbo iliyovikwa kitambaa kinachorudisha mwanga, ikizungushwa na mota, na mng'ao tunaoukumbuka ulichorwa baadaye juu ya picha. Yaani hata upanga maarufu kuliko yote kwa kuwaka haukuwaka wenyewe mbele ya kamera jinsi tulivyouona. Hili ni la kuzingatiwa na kila anayelaumu utepe wake kwamba haufanani na wa sinema.

Sasa tuangalie urahisi wa panga za bei ya chini uko wapi. Upanga wa stenlesi wa bei ya chini unaonekana mzima, lakini ushike mpini uutikise kidogo: ukisikia mlio, kasoro iko kwenye msuka. Katika upanga wa kazi, msuka ni chuma kilekile cha bapa kinachoingia mpinini. Katika upanga wa ukutani mara nyingi ni msumari wa nati uliochomelewa kwenye kitako cha bapa, kisha kichwa cha mpini kikafungwa kwa skrubu. Haufai kupungwa hewani, kwa sababu bapa linaweza kukatika pale palipochomelewa na kuruka. Lakini uzembe huohuo unatufaa: ukifungua skrubu ya kitako, mpini wote unatoka, na ndani yake kuna uwazi ambao kwenye upanga wa kweli haupo. Waya na betri ndogo vitapita humo. Mpini na kikinga vyake kwa kawaida ni aloi ya zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu, nayo hukwaruzika upesi na hupasuka ukiitoboa kwa nguvu. Anza na keekee nyembamba, na usitoboe karibu na ukingo.

Plastiki ina hila nyingine. Ile iliyopakwa kromu inadanganya kwa mbali mchana, ila ukiiwekea taa karibu, mstari wa kuungia vipande viwili vya kalibu unajitokeza bapa zima kama mshono wa suruali. Msasa unauondoa, na kromu inaondoka nayo, kwa hiyo itabidi kupaka rangi upya. Usipake fedha inayong'aa. Paka kwanza rangi nyeusi, kisha fedha iliyofifia kidogo, halafu futa kwa kitambaa kingo na mgongo wa bapa ili ionekane kama chuma kilichoshikwashikwa. Kazi hii ya rangi, ambayo gharama yake ni kopo dogo na muda, hubadilisha upanga kuliko taa yoyote. Ni hapa fedha nyingi za mradi huu zingetakiwa kwenda, na ni hapa watu wanaporuka.

Kuna pia upanga wa mti, nao naupendelea kwa watu wa Korogwe kwa sababu malighafi imewazunguka. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 uliacha Tanga mashamba na maghala, na pia ule mlingoti mrefu mmea unaoutoa mara moja kabla ya kufa. Mlingoti mkavu ni mwepesi sana, hukatika kwa kisu cha jikoni, na moyo wake laini huchimbika bila mashine. Kwa bapa hauna sura nzuri, lakini kwa mpini na ala zenye nafasi ya nyaya ni bora kuliko aloi ya zinki. Uvike kitambaa au ngozi, na hakuna atakayejua kilichomo.

Tukifika kwenye mwanga wenyewe, jambo la kwanza linawashangaza wengi: chuma kinachong'aa kama kioo hakiangaziki. Ukielekeza taa kwenye kioo, kioo hakiwi cheupe. Kinarudisha taa upande mmoja tu, na mtu asiyesimama upande huo anaona giza. Bapa la stenlesi lililong'arishwa linafanya hivyohivyo. Ndiyo maana utepe uliobandikwa karibu nalo hutoa safu ya vidoto vikali na sehemu nyingine yote nyeusi. Kuna njia mbili za kulitatua hilo.

Ya kwanza ni kuondoa kioo. Chukua msasa wa maji namba 400, kisha 600, uvute kwa urefu wa bapa, upande mmoja tu, bila kurudisha mkono nyuma wala kuzungusha. Michirizi midogo ya urefu itatawanya mwanga, na bapa litapata wekundu wa jioni au weupe wa taa kwa usawa. Aliyezungusha mkono atapata miduara, na miduara ikipigwa na taa ya ubavuni inaonekana kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Ya pili ni hila ya wapiga picha wa vyombo vya fedha: hawaangazi chombo, wanaangaza ubao mweupe ulio mbele yake, nacho chombo kikauakisi. Nyumbani ubao huo unaweza kuwa upande wa chini wa rafu iliyopakwa nyeupe juu ya upanga, utepe ukiwa umefichwa nyuma ya ukingo wa rafu na kuelekezwa juu kwenye weupe, si chini kwenye chuma. Bapa linapokea mwanga mpana, mlaini, bila kidoto hata kimoja. Njia hii haihitaji kugusa upanga kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo bora kwa stenlesi.

Pembe ya mwanga nayo ina kauli. Sime nyingi zina mgongo katikati ya bapa, na mgongo huo huonekana tu pale nusu moja inapopata mwanga na nusu ya pili ikabaki na kivuli. Taa ya upande mmoja, inayopita karibu sambamba na bapa, inauchora mgongo vizuri. Anayeweka tepe mbili, juu na chini, amelipa mara mbili ili apoteze umbo alilonunua. Ila taa ya ubavuni haina huruma: kila shimo la kutu, kila alama ya tupa na kila tone la gundi litajitangaza. Ndiyo sababu ya pili ya kumaliza uso wa upanga kwanza.

Juu ya rangi ya taa, watu hubishana kwa ladha tu, ilhali kuna fizikia. Taa nyekundu ya LED inayoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962; ya bluu yenye nguvu ilisubiri hadi miaka ya 1990, na walioifanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Bluu hiyo ndiyo mama wa taa zetu nyeupe: ndani ya LED nyeupe kuna kipande kinachotoa bluu, kimefunikwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya bluu hiyo, na jicho likichanganya vyote linaona nyeupe. Lakini katika taa za bei ya chini mchanganyiko huo una wekundu kidogo sana. Matokeo yake ni kwamba ala ya sime, ambayo thamani yake yote ni wekundu, inageuka kahawia iliyokufa. Mtu anadhani kauziwa ngozi mbaya, kumbe kauziwa taa mbaya. Nyeupe yenye joto, iliyoandikwa 3000K, humsaidia. Na kama boksi limeandikwa kwamba uaminifu wa rangi unafika 90, ni bora zaidi. Asiyeamini maandishi ya boksi aende dukani na ala yake, aiweke chini ya taa kabla ya kulipa. Muuzaji atacheka, na acheke.

Utepe wa rangi zote wenye rimoti una nafasi yake kwenye sherehe. Ukutani, siku zote, upanga unaobadilika kijani, zambarau na bluu kila sekunde mbili hauna wa kuutazama, kwa sababu jicho linafuata mabadiliko na kuacha kitu. Ukiwa nao tayari, chagua rangi moja, kisha ifiche rimoti. Na ujue kuwa nyeupe ya tepe hizo, inayopatikana kwa kuwasha nyekundu, kijani na bluu pamoja, huelemea ubaridi na haifai kwa shaba wala ngozi.

Ngozi iliyopakwa rangi ina adui mwingine, mwanga wenyewe. Makumbusho mengi hushika kiwango cha takriban luksi 50 kwa ngozi na nguo zenye rangi, kwa sababu kila saa ya mwanga mkali hula rangi kidogo na haiirudishi. Chuma hakina shida hiyo. Programu ya simu inaweza kukisia luksi vya kutosha kwa kazi yetu; ikisoma mia kadhaa, sogeza taa mbali au punguza urefu wa utepe. Dirisha la mashariki ambalo jua linapiga ala kila asubuhi ni baya kuliko taa zote za jioni.

Nilisema zipo hali ambazo taa inastahili kuingia ndani. Ni pale ambapo upanga hauigi chuma. Kama ni upanga wa hadithi, wa jini au wa askari wa anga, basi uwe wa kitu kinachopitisha mwanga tangu mwanzo. Mafundi mabango wa mjini wana vipande vya akriliki vilivyobaki, vya unene wa milimita 5 au 6, ambavyo kwao ni takataka. Kata bapa humo. Mwanga ukiingizwa kwenye ukingo wa kitako, unasafiri ndani ya akriliki ukigonga kuta zake bila kutoka, mpaka ukutane na mahali palipokwaruzwa. Hapo ndipo unapotoka. Kwa hiyo kingo zilizopitishwa msasa zinawaka kama makali, na maandishi au mchoro uliochongwa kwa ncha ya msumari unawaka katikati ya bapa lisiloonekana. LED tatu au nne zilizofichwa mpinini zinatosha. Hiki ndicho kitu pekee katika habari hii yote ambacho hakiwezi kufanywa kwa taa ya pembeni, na nashangaa kwa nini hakijaenea katika kumbi za harusi zinazopenda kila aina ya mwako.

Umeme ndio unaoamua mengi vijijini. Mto Pangani ulianza kuzungusha mitambo ya Hale, wilayani Korogwe, ya megawati 21, mwaka 1964. Na mitambo ya Pangani mpya ya megawati 68 ikaongezwa mwaka 1995. Kwa miaka mingi umeme huo ulipita juu ya vijiji vya mkoa huohuo ukienda mijini. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliyoanzisha Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imebadilisha sehemu kubwa ya hadithi hiyo, lakini nguzo kufika kijijini ni jambo moja na waya kuingia nyumba yako ni jingine. Kwa bahati, upanga hauli umeme mwingi, na hesabu yake inafanyika kwenye kiganja.

Utepe wa kawaida wa volti 12 wenye taa ndogo 60 kwa mita hula takriban wati 4.8 kwa mita, yaani ampea 0.4. Betri ya pikipiki ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84; tukitumia nusu tu ili betri isife mapema, tuna 42. Mita nzima itawaka karibu saa 9. Lakini upanga uliowekwa vizuri hauhitaji mita nzima: sentimita 40 zilizofichwa nyuma ya rafu hazifiki wati 2, na betri hiyo itazihudumia zaidi ya saa 20, yaani jioni tano za saa nne nne. Paneli ndogo ya wati 10 inairudisha bila jasho. Betri ya bodaboda iliyochoka kuwasha injini mara nyingi bado ina pumzi ya kazi hii, na kwa fundi pikipiki hupatikana kwa bei ya chakavu. Utepe wenyewe hukatwa baada ya kila taa tatu, pale penye alama ya mkasi. Aliyekata kwingine amezima kipande.

Mwenye chaja ya simu tu anunue utepe wa volti 5 wenye kichwa cha USB. Huo ndio ushauri ninaoutoa kwa wengi, kwa kuwa chaja, pawabenki na taa nyingi za sola zina tundu hilo. Tahadhari moja: pawabenki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno, kwa hiyo utepe wa taa 15 utawaka usiku kucha ila LED moja pekee itazimika baada ya muda mfupi. Kwa LED moja au mbili ndani ya mpini tumia seli ya lithiamu ya volti 3.7, kila LED nyeupe ikiwa na rezista yake ya ohmu 68 hivi. Seli ikijaa hufika volti 4.2, LED inataka kama 3.1, na volti 1.1 iliyobaki ikigawanywa kwa 68 inaacha miliampea 16, salama chini ya 20 ambazo LED ndogo nyingi hustahimili. Asiyeweka rezista atapata mwanga mkali sana, kwa muda mfupi sana.

Sasa jambo ambalo si la mzaha. Ule utepe mrefu unaouzwa kwa ajili ya kuzungushia dari za jipsamu ni wa volti 220, na unakwenda moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani. Darini, mahali mkono haufiki, una kazi yake. Kwenye upanga wa chuma ni kifo kinachosubiri: ganda la plastiki likichunika kwenye ukingo wa bapa, upanga mzima unakuwa waya, na mtoto atakayeushika hatapata muda wa kujua. Utepe huo hauna transfoma ya kumtenga mtu na gridi. Muuzaji akisema "huu nao ni LED tu, kaka," ana haki kuhusu taa na anakosea kuhusu kila kitu kingine. Soma volti kwenye utepe wenyewe. Kwa kitu chochote cha chuma ambacho watu watakigusa, usipite volti 12.

Hata volti 12 zina moto wake. Betri ikikutana na bapa la chuma kwa waya uliochunika, umeme mwingi unapita kwa mara moja na waya unawaka. Fyuzi ya ampea 1 karibu na chanya ya betri inamaliza tatizo hilo, na bei yake ni ndogo kuliko ya chai. Seli ya lithiamu isikae ndani ya mpini wa upanga unaotundikwa chini ya bati lisilo na dari, ambako mchana joto linapanda kuliko inavyovumilia. Na isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala.

Juu ya ukuta nitasema machache. Nyuma ya upanga pawe na giza: kipande cha plaiwudi kilichovikwa kaniki kinameza mwanga wa ziada na kulifanya bapa lijitokeze, na ni kitambaa kinachopatikana kila mahali. Katika nyumba ya miti na udongo, msumari uliopigwa kwenye udongo hautadumu. Tafuta nguzo, piga ubao kwenye nguzo mbili, kisha upanga ufungwe kwenye ubao. Ncha ielekee chini au pembeni, na ukae juu ya kichwa cha mtu mzima. Usiache bapa la chuma cha kawaida ndani ya ala ya ngozi miezi na miezi, maana ngozi hushika unyevu na kutu huanzia humo. Tundika bapa na ala sambamba, bapa likiwa limefutwa kwa mafuta kidogo. Masika, zima taa mapema, au kumbikumbi watafuata mwanga, mijusi watafuata kumbikumbi, na asubuhi kaniki yako itakuwa na mapambo ambayo hukuyapanga.

Limebaki jukwaa, nalo lina sheria zake. Shule inayoigiza Juliasi Kaizari katika tafsiri ya Nyerere, iliyotoka kwanza mwaka 1963, inahitaji silaha zitakazoonekana na mtu aliyekaa nyuma kabisa ya bwalo lenye taa mbili za darini. Hapo rafu na kaniki havisaidii kitu, kwa sababu upanga unatembea. Taa iende mpinini, ielekezwe juu kando ya bapa, ikiwa imezibwa upande wa mshikaji isimtie kiwi. Bapa liwe la mti au plastiki, si chuma, hata kama chuma kipo bure. Swichi iwe ya kubonyezwa kwa kidole gumba, ili upanga uwake unapoinuliwa na kuzimika unaposhushwa. Upanga unaowaka muda wote unaiba tukio kwa waigizaji wengine. Na kwa kuwa siku ya maonyesho waya fulani lazima utaachia katikati ya ugomvi, rangi ya bapa ikamilike kwa namna ambayo upanga utaaminika hata ukizimika. Taa zifungwe baadaye, kabla ya zoezi la mwisho, na waya wa akiba ukae mfukoni mwa mtu aliye nyuma ya pazia.